Safu ya Maoni

Fomu ina safu tano: tarehe, kituo,
kiashiria, kipimo, maoni.
Safu ya maoni ni nyembamba kama ukucha.
Aliyeichora hakutegemea mtu awe na la kusema.

Kituo namba tatu, Kunduchi, nyuma ya soko la samaki.
Bamvua. Maji yamekupwa hadi penye visiki vyeusi
vya mikoko iliyokatwa mwaka ule tanuri la chokaa halikulala.
Nalaza fremu ya bomba, mita moja kwa moja,
napiga magoti, nahesabu.
Tondo: kumi na mmoja.
Mashimo ya kaa: sita, moja lina kizibo cha soda.
Miche ya mkoko: sifuri.
Nyasi bahari: asilimia nne, nikiwa mkarimu.

Nachovya kidude cha oksijeni mkondoni.
Namba zinapanda, zinashuka, zinatafuta pa kukaa
kama mgeni aliyekuta viti vimejaa,
kisha zinatulia kwenye mbili nukta moja.
Mbili nukta moja.
Samaki angejua kusoma angefunga virago.

Shuleni walitufunza dalili ya mvua ni mawingu.
Hawakutufunza nani alipwe kuyatazama,
wala afanye nini akishayaona,
wala kama mawingu ya robo hii
yajumlishwe na ya robo iliyopita
yagawanywe kwa mbili
ili kwenye ripoti mbingu ionekane nyeupe.
Ndivyo wanavyofanya ofisini: wastani.
Kituo cha tatu kinakata roho, cha saba huko Mbudya kinapumua;
jumlisha, gawa, paka rangi ya njano.
Njano maana yake: tuendelee kufuatilia.
Mwaka wa nne huu tunafuatilia
kama msafara wa maziko usiojua makaburi yako wapi.

"Bado unaandika?"
Chausiku Mzuzuri, kijiko mkononi, khanga kaifunga juu ya magoti,
anafukua kombe hatua tatu kutoka kwenye fremu yangu.
"Bado."
"Haya. Siku bahari ikijifunza kusoma, unishtue."

Nikamwuliza, nusu utani, yeye hupimaje.
Akainua kopo lake: la rangi ya ukuta,
lita nne, mpini wa waya.
"Nikimnyonyesha wa kwanza,
nililijaza hili kabla hajaamka.
Wa pili aliamka, akalia, akanyamaza mwenyewe.
Huyu kitinda mimba anakuja kwa miguu yake
kuniuliza leo tunakula nini,
na kopo, tazama, liko nusu."

Nilikaa na kalamu mdomoni.
Kisha nikapiga mstari chini ya safu ya mwisho, bila rula.
Kiashiria: muda wa kujaza kopo la Chausiku.
Kipimo: saa tatu na dakika kumi, nusu.
Kiwango cha awali: usingizi mmoja wa mtoto mchanga.
Maoni
yakafurika pembeni, yakapinda kona, yakahamia nyuma ya karatasi:
fungeni bomba linalotapika usiku kando ya kituo,
yazuieni malori ya mchanga huko juu mtoni Tegeta,
miche ipandwe na wanaolijua tope,
ama sivyo msinitume tena kuja kuhesabu sifuri.

Fomu ikarudi baada ya wiki mbili, imegongwa muhuri:
KIASHIRIA HAKIMO KWENYE MWONGOZO.
Chini ya muhuri, kwa kalamu nyingine,
herufi ndogo za mtu mwenye haraka, au mwenye woga:
Kopo ni la lita ngapi hasa?

Bamvua iliyofuata nikaenda na jagi la maabara.
Tulilipima pamoja, Chausiku na mimi, mara tatu.
Lita tatu na robo tatu.
Lina tundu kitakoni, kaliziba kwa kipande cha sabuni.
Nimeliandika pamoja na tundu lake.